Adili Baina ya Ndugu: Neno la Kutopendelea katika Nathari ya Shaaban Robert

Katika uhakiki wa wahusika wa Shaaban Robert, hakuna sifa iliyotolewa kwa ukarimu kuliko ile ya uadilifu. Karama wa Kusadikika (1951) ni mwadilifu. Utubora wa Utubora Mkulima ni mwadilifu. Na Adili wa Adili na Nduguze (1952) ni mwadilifu kwa jina na kwa tabia, hata mhakiki akaona kazi yake imekwisha pindi jina hilo lilipofasiriwa. Miongozo ya wanafunzi imeurithi mtindo huu na kuufanya kanuni: mhusika hutajwa, sifa ikabandikwa, mfano mmoja ukatolewa, kisha safari ikaendelea hadi kwa mhusika mwingine. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba neno lenyewe linayapinga matumizi hayo. Adili, kabla halijawa sifa ya mtu mwema, lilikuwa neno la kazi maalumu, nayo ni kuamua baina ya wawili bila kuelemea upande. Kisa cha Shaaban Robert kikisomwa kwa maana hiyo huwa kigumu na chenye mashaka zaidi kuliko kile kinachosomwa madarasani.

Mahali pafaapo kuanzia ni sentensi za kila siku, kwa kuwa ndizo zinazoonyesha neno limefika wapi. Mtazamaji wa kandanda aliyeudhika hasemi kwamba refa hakuwa mwadilifu. Husema refa alipendelea, au refa ana upande. Mtoto aliyepewa kipande kidogo cha nyama hulalamika kwamba hawakugawiwa sawasawa. Mzee anayeaminiwa kusuluhisha ugomvi wa mpaka wa shamba husifiwa kuwa ni mtu wa haki, kwamba hamwogopi tajiri wala hamwonei maskini. Mwadilifu ni neno la mimbarini, la tangazo la kazi na la hotuba ya mazishi: marehemu alikuwa mfanyakazi mwadilifu. Anayesema hivyo hana maana kwamba marehemu aliwahi kuamua lolote baina ya watu. Ana maana kwamba hakuiba, hakulewa kazini, na aliishi vizuri na majirani.

Tofauti hii ina sarufi yake. Haki ni kitu ambacho mtu anacho, hata kama hakishiki mkononi: hudaiwa, hunyimwa, huporwa, hurudishwa. Ndiyo sababu Alamin Mazrui aliweza kuiita tamthilia yake ya mwaka 1981 Kilio cha Haki, na isingewezekana kuiita Kilio cha Adili pasipo kuibadilisha tamthilia nzima. Wafanyakazi wanaoongozwa na Lanina katika shamba la mlowezi wanadai kilicho chao. Hawaombi kupewa bwana mwenye tabia njema. Upendeleo nao ni neno la namna nyingine kabisa. Limetokana na kitenzi penda, likapitia katika mnyambuliko wa kutendea uliorudufiwa, na kubeba picha ya penzi lililozidi kipimo na kumwinamia mmoja. Kwa hiyo Kiswahili cha kila siku humtambua mwamuzi mzuri kwa kile asichokuwa nacho. Hapendelei, hana upendeleo, ameamua pasi na upendeleo. Sifa hii haina jina lake la moja kwa moja katika mazungumzo, ila kwa kukanusha kasoro yake.

Jina hilo lilikuwapo, nalo ni adili. Katika Kiarabu, shina lilikotoka neno hili lina maana ya kusawazisha, na neno la jamii hiyo hiyo hutumika kwa nusu moja ya mzigo wa ngamia, ile inayofungwa ubavu huu ili ilingane na ya ubavu ule. Nusu ya mzigo haiwezi kulingana ikiwa peke yake. Hulingana na mwenzake. Insafu, neno ambalo siku hizi ni adimu katika mazungumzo, nalo latokana na shina moja na nusu: mwenye insafu ni yule agawaye kati kwa kati. Yote mawili ni maneno ya watu wawili au vitu viwili, na ya yule wa tatu anayesimama baina yao.

Maana hii ya adili haijafa. Waislamu wa pwani wanapozungumzia ndoa ya wake wengi husema kwamba mume hana budi kufanya uadilifu baina ya wake zake, na kila msikilizaji huelewa kwamba jambo lenyewe ni zamu za usiku, chakula, mavazi na makazi, yaani mambo yanayohesabika. Mume aweza kuwa mpole, mcha Mungu na mkweli, na bado akashindwa kufanya uadilifu baina ya wakeze kwa sababu ya siku mbili za zamu. Neno baina ndilo linalobeba uzito wa sentensi hiyo. Likiondolewa, ikabaki "mume huyu ni mwadilifu", sentensi imekwisha kutoka kwenye mizani na kuingia kwenye wasifu. Hapo ndipo neno lilipohamia katika Kiswahili cha magazeti, cha shule na cha uhakiki. Maadili, ambalo ni la ukoo huo huo, limekuwa jina la mwenendo mwema kwa jumla, na mwanafunzi akiulizwa maadili ya ngano hutoa funzo lake, mara nyingi kwa sentensi moja.

Uhamaji huo haukuwa wa bahati nasibu. Katika sheria ya Kiislamu, ambayo makadhi wa pwani wameihukumia kwa karne nyingi, uadilifu ni sharti la shahidi. Sura ya At-Talaq, aya ya 2, yataka mashahidi wawili wenye sifa hiyo katika jambo la talaka. Shahidi haamui, husema aliyoyaona. Lakini neno lake hutegemewa kwa sababu mwenendo wake unajulikana: haongopi, hali mali ya watu, hadhihirishi madhambi. Hivyo wema wa mtu ukawa dhamana ya kauli yake, na baada ya muda dhamana ikaanza kuchukuliwa kuwa ndiyo deni lenyewe. Jambo hili ni la kuwekwa akilini, maana ndilo litakalorudi katika kisa cha Adili, ambamo mtu mmoja ni mdhulumiwa, ni shahidi, na ni mtekelezaji wa adhabu.

Liko jambo jingine ambalo upendeleo hauwezi kulisema na adili linaliweza. Kwa kuwa upendeleo umezaliwa na penda, hauoni kasoro ya hukumu isipokuwa ile itokanayo na mapenzi. Refa aliyependelea alikuwa na timu yake. Chifu aliyependelea alikuwa na jamaa zake. Lakini hukumu hupinda pia kwa chuki, na mtu aliyeamua vibaya kwa kuwa amemchukia mmoja wa wawili hao, pasipo kumpenda yule wa pili, haelezwi vizuri na neno hilo. Kiswahili kitasema amemwonea, na hapo kimeshahamia kwenye neno jingine. Mafundisho ya Kurani kuhusu uadilifu yanazikabili pande zote mbili. Sura ya An-Nisaa, aya ya 135, inawataka waumini wawe mashahidi wa haki hata dhidi ya nafsi zao, wazazi wao na jamaa zao. Sura ya Al-Maida, aya ya 8, inawaonya wasiache kufanya uadilifu kwa sababu ya kuwachukia watu. Aya ya kwanza yahusu penzi la damu. Ya pili yahusu kinyongo. Shaaban Robert, aliyezaliwa karibu na Tanga mwaka 1909 na kukulia katika jamii ya Kiislamu, hakuhitaji kamusi kulijua hilo. Na mtu akitaka kubuni kisa ambamo penzi la damu na kinyongo vinakutana juu ya watu wale wale, hatapata kisa kifaacho kuliko cha mtu aliyedhulumiwa na ndugu zake wa tumbo moja.

Kisa chenyewe chafahamika. Rai, mfalme wa Ughaibu, anamtuma Ikibali kwenda Janibu kwa Adili, anayetawala huko chini yake, kwa sababu ya kodi iliyochelewa. Usiku Ikibali anamwona mwenyeji wake akiwacharaza manyani wawili kwa mjeledi, kisha akiwabembeleza na kuwalisha. Habari zinamfikia Rai, ambaye huruma yake kwa wanyama ni miongoni mwa sifa zake kuu kitabuni, na Adili anaitwa kujieleza. Anaeleza. Manyani ni nduguze, Hasidi na Mwivu. Baada ya kufa baba yao walirithi, wakasafiri, wakapoteza, wakarudi mikono mitupu; yeye akawagawia mali yake; wakasafiri naye; wakamhusudu kwa utajiri na kwa Mwelekevu, msichana aliyempata katika mji ambao watu wake wamegeuka mawe; wakamtosa baharini. Huria, jini ambaye Adili aliwahi kumwokoa, akamwokoa naye, akawageuza wakosaji kuwa manyani, na akaamuru wapigwe kila usiku, kwa onyo kwamba Adili akipuuza amri hiyo adhabu itamgeukia. Rai anasikiliza, anaingilia kati kwa barua, na ndugu wanarudishiwa umbo la binadamu.

Asili ya kisa hiki katika Alfu Lela Ulela, yaani hadithi ya Abdallah bin Fadhil na nduguze, imetajwa mara nyingi, na haina haja ya kukawizwa hapa, ila kwa mambo mawili. Katika hadithi ya Kiarabu wakosaji waligeuzwa mbwa. Shaaban Robert aliwafanya manyani, wanyama wanaokaribia umbo la mtu. Na katika hadithi ya Kiarabu ndugu hao, baada ya kusamehewa, huurudia uovu wao na mwisho wao ni kuuawa, ilhali katika Adili na Nduguze msamaha unafaulu na ndugu wanapatana. Mabadiliko hayo mawili yana uzito kuliko yote yaliyowahi kusemwa kuhusu majina. Jina Adili ni lake Shaaban Robert. Aliliweka juu ya kisa ambacho hapo awali kilikuwa cha subira na malipo ya wivu, na kwa kufanya hivyo alikiuliza swali ambalo hakikuwa kimeulizwa: je, katika yote haya, ni nani aliyeamua bila kuelemea?

Jibu la kawaida ni kwamba ni Adili, kama jina lake linavyosema. Kitabu hakiliungi mkono jibu hilo. Adili hahukumu popote katika jambo hili. Anapowagawia nduguze mali yake baada ya wao kupoteza yao, tendo hilo ni jema kupita kiasi, lakini haliitwi uadilifu kwa maana iliyoelezwa hapo juu. Hao walikuwa wamekwisha kupata fungu lao la urithi. Hawakuwa na haki yoyote katika fungu lake. Alichokitoa ni ihsani. Sura ya An-Nahl, aya ya 90, yataja uadilifu na ihsani pamoja, na viwili havitajwi pamoja kwa amri moja kama ni kimoja. Mhakiki anayeliita tendo hilo uadilifu amemnyima Adili sifa kubwa zaidi ili ampe ile iliyoandikwa kwenye jina lake. Mtu anaweza hata kuuliza kama mwanzo wa husuda haukuwa hapo hapo, katika kupokea kisichodaiwa kutoka kwa mdogo. Shaaban Robert hakulifuata swali hilo, na pengine hakutaka kulifuata.

Hukumu ya kwanza inatolewa na Huria. Yeye ndiye anayesimama baina ya ndugu watatu, na kwa kipimo chochote cha kimahakama hafai kusimama hapo. Adili aliwahi kumwokoa. Ana deni kwake. Huu ni upendeleo kwa maana kamili ya neno, ingawa umezaliwa na shukrani. Tena anahukumu kwa ghadhabu, hata Adili mwenyewe analazimika kuwaombea nduguze wasiuawe. Penzi na chuki, yale mambo mawili ambayo adili linayaweka kando, yote mawili yamo katika kiti cha hakimu. Hukumu yenyewe inaonyesha hivyo. Haina kikomo. Haimtofautishi Hasidi na Mwivu, kana kwamba makosa yao yalikuwa sawa kwa uzani. Na inamkabidhi mdhulumiwa mjeledi. Hapa ndipo jina na kazi ya mhusika vinapoachana kabisa: mtu aitwaye Adili ndiye mkono wa hukumu isiyo ya adili, na analijua hilo, maana kila apigapo hulia.

Tukio la usiku, kwa hiyo, ndilo kiini cha kitabu, na limesomwa kwa haraka mno. Aghalabu huelezwa kuwa ni ushahidi wa huruma ya Adili: anapiga kwa kulazimishwa, anabembeleza kwa hiari. Lakini likitazamwa kwa jicho la neno adili, tukio hilo ni la mtu anayejaribu kurudisha uzani kwa mikono yake mwenyewe, usiku baada ya usiku, na asiweze. Viboko kwa manyani wote wawili. Chakula kwa wote wawili. Fimbo upande huu wa mzigo, mkate upande ule. Haupatikani usawa, kwa kuwa vitu viwili vinavyowekwa kwenye mizani si vya jinsi moja. Adhabu haifutwi na chakula. Anachokipata Adili ni mazoea, na mazoea hayo yangeendelea hadi kufa kwake laiti Ikibali asingelala katika nyumba ile.

Na Ikibali alipoona, Adili akawa mshtakiwa. Jambo hili halijapewa uzito unaolistahili. Msimulizi wa nje anampeleka Adili mbele ya mfalme mwenye huruma kwa wanyama, akiwa na tuhuma ya ukatili kwa wanyama, na kutoka hapo sehemu kubwa ya kisa inasimuliwa na Adili mwenyewe kwa kujitetea. Kila ubaya wa Hasidi na Mwivu, isipokuwa yale yanayodhihirika baadaye, msomaji anaupata kinywani mwa mtu ambaye ana sababu zote za kuueleza. Wenyewe wapo hapo, wakiwa manyani. Mnyama aweza kutoa machozi au kutikisa kichwa. Hawezi kueleza kwamba safari ya kwanza iliharibika kwa dhoruba na si kwa uzembe, au kwamba mdogo aligawa mali kwa namna iliyowadhalilisha, au hata kwamba wamekosa na wanajuta. Sheria iliyotajwa hapo awali ingetaka mashahidi wawili waadilifu. Hapa yupo mmoja, naye ni mlalamikaji. Jina lake limeletwa kuwa shahidi wa pili.

Hili si la kumshuku Adili kwamba anaongopa. Hakuna chochote kitabuni kinachoelekeza huko, na kusoma hivyo kungekuwa kujifurahisha. Hoja ni kwamba Shaaban Robert amemweka msomaji katika kiti ambacho Rai amekikalia, kiti cha kusikiliza upande mmoja ambao una kila dalili ya kuwa wa kweli. Msomaji akiamini kwa sababu ya jina, ameamini kwa upendeleo. Akiamini kwa kupima maelezo, amefanya kazi ya adili. Mfalme mwenyewe ameitwa Rai, yaani maoni, fikira iliyopimwa. Na ni ajabu kwamba wahakiki waliojishughulisha sana na jina la mshtakiwa hawakujishughulisha kwa kadiri hiyo na jina la hakimu.

Kusadikika, kilichochapishwa mwaka mmoja kabla, hutoa mwanga. Humo pia mshtakiwa anasimama mbele ya mfalme na kujitetea kwa visa. Karama ameshtakiwa kwa kufundisha uanasheria. Majivuno ndiye mshtaki. Na utetezi wa Karama ni habari za wajumbe sita, Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini, waliotumwa nje kwa faida ya nchi na waliporudi wakaadhibiwa badala ya kushukuriwa. Kosa la Kusadikika, likisemwa kwa ufupi, ni kwamba nchi hiyo ilihukumu bila kusikiliza. Karama hadai kuwa yeye ni mwema kuliko Majivuno. Anachodai ni nafasi ya kusema, na anapopewa, mfano baada ya mfano, anaonyesha jinsi ilivyonyimwa wengine. Neno linalotawala kitabu hicho ni haki, na linatawala kwa sababu linalodaiwa humo ni kitu mahususi ambacho nchi imekizuia. Katika Adili na Nduguze nafasi ya kusema imetolewa kwa ukamilifu, ila kwa mmoja kati ya watatu. Vitabu viwili vikiwekwa pamoja, cha pili chaonekana kukiuka kanuni ambayo cha kwanza kiliipigania, na mwandishi ni yule yule.

Yaweza kupingwa kwamba usomaji huu unakidai kisa cha majini na miji ya mawe vitu ambavyo hakikukusudiwa kuvitoa. Kwamba katika utanzu wa istiara jina ndilo tabia, na Hasidi hawezi kupewa nafasi ya kujitetea kwa kuwa husuda haina utetezi. Pingamizi hili lina nguvu, na kwa kiasi fulani ni la kweli. Wahusika wa Shaaban Robert hawakuumbwa ili wabadilike ovyo. Lakini kuna jambo moja ambalo pingamizi hili haliwezi kulimeza, nalo ni mwisho wa kisa. Kama Hasidi ni husuda yenyewe na Mwivu ni wivu wenyewe, wangebaki walivyo, na mwisho wa Kiarabu, ule wa kurudia uovu na kuuawa, ndio ungekuwa sahihi. Shaaban Robert aliuacha. Aliwarudisha kuwa watu, na watu hao wakaweza kupatana na ndugu yao. Kwa tendo hilo la kisanaa alikiri kwamba jina si hukumu. Kile alichokubali kwa Hasidi na Mwivu, mhakiki hana budi kukikubali kwa Adili pia: jina lake si hukumu yake.

Yapo madhara ya nje ya kitabu katika kulisoma neno hili kwa ulegevu. Idara za Kiswahili huwafunza walimu, na walimu hao husahihisha. Msahihishaji mwenye karatasi mbili mbele yake, moja ya mwandiko mzuri na nyingine ya mwandiko mbaya, anadaiwa uadilifu baina ya karatasi hizo, na hatasaidika kwa kuwa mtu mwema. Katika siasa mambo ni hayo kwa ukubwa zaidi. Tangu vyama vingi viliporejeshwa nchini Kenya, na uchaguzi wa mwaka 1992 ukafanyika, tokeo la kura limekuwa likipimwa kwa msemo wa uchaguzi huru na wa haki, msemo unaofaa kwa kuwa unahusu tendo. Lakini wasimamizi wake husifiwa au kulaumiwa kwa uadilifu wao, na mjadala ukageuka mara moja kuwa wa tabia: nani mcha Mungu, nani ana jina safi. Katiba ya mwaka 2010 ilikuwa makini zaidi kuliko lugha inayoizunguka. Sura yake ya 6, inayohusu uongozi na uadilifu, haikuishia kwenye tabia. Kifungu cha 73 kinataka maamuzi yasiyoelemea upande, na kinataja wazi upendeleo wa jamaa na upendeleo mwingine, kisha kinaongeza nia nyinginezo zisizofaa. Nyongeza hiyo ya mwisho ndiyo inayoipa chuki mahali pake. Mwandishi wa Kiswahili anayetaka kuisema sura hiyo yote kwa neno uadilifu anaweza, mradi alitumie kwa maana yake ya zamani, pamoja na baina yake.

Yabaki swali la barua ya Rai. Wengi huisoma kama tendo la huruma, na bila shaka ni hilo. Lakini Rai ndiye mtu wa kwanza katika kisa ambaye hana deni kwa Adili wala kisasi kwa nduguze. Hakuokolewa na yeyote kati yao; hakutoswa baharini. Yeye peke yake anaweza kusimama baina, na anaposimama hapo, hukumu ya Huria inatenguka. Adili hakuweza kuitengua kwa wema wake wote, wala kwa machozi yake. Alihitaji mtu wa tatu. Kama kuna mahali katika kitabu hiki ambapo adili linafanya kazi yake ya asili, ni katika barua hiyo, iliyoandikwa na mtu asiyeitwa Adili, kuwahusu watu asiowajua isipokuwa kwa maelezo ya mwenzao. Hata hivyo yeye naye hakuwauliza kama watu. Hasidi na Mwivu wanarudishiwa ndimi zao baada ya adhabu kuondolewa na msamaha kutolewa, wakati ambapo hapana tena anayehitaji kusikia upande wao.